Sura ya Saba: Kufunga Herufi za Nembo kwenye Grili

Herufi za jina la gari hukaa usoni pake, mahali ambapo upepo, kokoto, maji ya mvua na joto la rejeta hukutana, na ambapo kila mtazamaji huelekeza jicho kwanza. Kasoro ya milimita mbili ambayo isingetambulika kwenye bampa ya nyuma, hapa huonekana na mtu aliyesimama ng'ambo ya barabara. Vifaa vinavyohitajika ni vichache na bei yake si kubwa. Ugumu uko kwenye mpangilio wa hatua: karibu kila kosa katika kazi hii linarekebishika isipokuwa tundu lililotobolewa pasipo mahali pake. Kwa hiyo kupima, kujaribu na kupima tena hutangulia, na drili huja mwishoni.

Aina za herufi

Majina kwenye uso wa magari ya zamani huja kwa namna nne. Ya kwanza ni herufi zilizokandamizwa katika bati lenyewe la grili, kama neno FORD kwenye Ford Bronco ya kizazi cha kwanza, iliyotengenezwa kati ya 1966 na 1977. Hizo hazifungwi, hupakwa rangi tu. Ya pili ni kibao kimoja chenye jina zima, mfano wake ukiwa kile cha umbo la yai kwenye wavu wa mbele wa Land Rover za zamani. Ya tatu ni herufi chache zilizoungana kuwa pambo moja, kama GTO iliyokaa upande wa dereva wa grili nyeusi ya Pontiac ya 1964. Ya nne ni herufi moja moja, kila moja ikiwa na vishikizo vyake. Ford Mustang, iliyozinduliwa New York tarehe 17 Aprili 1964, ilibeba farasi wake katikati ya grili, na juu yake, kwenye ukingo wa boneti, zikapangwa herufi F, O, R na D zilizoachana.

Namna hii ya nne ndiyo inayomsumbua fundi zaidi. Kibao kimoja kikipinda huonekana kimepinda chote, na kukinyoosha ni suala la mara moja. Herufi nne zilizoachana zinaweza kukosewa kwa njia nyingi: moja imepanda, moja imeinama, nafasi hazilingani, au zote ziko sawa zenyewe kwa zenyewe lakini si katikati ya gari.

Madini na kromu

Herufi nyingi za magari ya kati ya miaka ya 1930 na 1970 ni za aloi ya zinki. Maarufu zaidi ni zamaki, mchanganyiko uliobuniwa Marekani mwaka 1929, wenye zinki, aluminiamu takriban asilimia 4, magnesi kidogo na wakati mwingine shaba. Aloi hii huyeyuka kwenye joto la chini ya nyuzi 400 za Selsiasi, hivyo humiminwa kwa shinikizo ndani ya kalibu ya chuma na kutoka na kona kali na mistari myembamba ambayo bati la kukandamizwa haliwezi kuitoa. Vijiti vya kufungia vilivyo nyuma ya herufi hutoka katika kalibu hiyo hiyo, vikiwa sehemu ya herufi yenyewe.

Juu ya zinki hupakwa shaba, kisha nikeli, kisha kromu. Mng'aro unaosifiwa kuwa wa kromu kwa kiasi kikubwa ni wa nikeli; tabaka la kromu halifiki hata mikroni moja, na kazi yake ni kuizuia nikeli isififie. Tabaka hizi zikipata ufa au kitundu, unyevu hupenya hadi kwenye zinki, zinki huliwa na kutoa unga mweupe, na unga huo huisukuma kromu kutoka chini hadi itoke malengelenge. Ndiyo maana herufi ya zamani huwa na vidonda vidogo vidogo visivyoondoka hata ikisuguliwa vipi: kinachoonekana ni shimo ndani ya zinki, si uchafu juu ya kromu.

Zinki ina tabia nyingine inayopaswa kukumbukwa wakati wote wa kazi. Haipindi kwa ustahimilivu kama chuma, ikilazimishwa, hukatika. Kijiti chenye unene wa milimita tatu kilichokaa miaka hamsini katika tundu lenye unyevu kinaweza kukatika kwa nguvu ya vidole viwili.

Njia za kufungia

Kiwandani zilitumika njia kadhaa, na ni vizuri kujua ipi iliyotumika kabla ya kugusa chochote.

Kijiti chenye hesi hupokea nati ya kawaida na washa kutoka nyuma. Hufunguka kwa spana ndogo, na ndicho kinachofaa zaidi kwa gari litakalofunguliwa tena siku zijazo.

Kijiti laini kisicho na hesi hushikwa kwa washa nyembamba yenye meno, ambayo husukumwa juu yake na kung'ata. Meno hayo huruhusu kwenda mbele tu. Zipo pia nati zinazojichongea hesi zenyewe zinapozungushwa juu ya kijiti laini. Hizi hufunguka, lakini kila zikifungwa upya hula kijiti kidogo.

Njia ya tatu ni klipu ya umbo la bomba, iliyotumika sana kwenye herufi za boneti kama zile za Mustang. Klipu huingizwa kwanza katika tundu la bati, kisha kijiti cha herufi husukumwa ndani yake na kubanwa na springi. Faida yake ni kwamba herufi hufungwa kwa mbele bila kuhitaji kufika nyuma. Hasara yake ni kwamba hutegemea tundu lenye kipimo kamili: likizidi kidogo, klipu hulegea na herufi hudondoka barabarani.

Njia ya nne ni ribiti, ambayo hutumika zaidi kwa vibao. Ya tano ni tepu au gundi, iliyoenea baadaye, hasa baada ya tepu za povu la akriliki zenye gundi pande mbili kuingia sokoni kuanzia 1980. Gari la miaka ya 1960 linalokutwa na herufi zilizobandikwa kwa tepu basi limepitia mikononi mwa fundi mwingine.

Kuondoa herufi za zamani

Grili nzima ishushwe kwanza ikiwezekana. Kufanya kazi kwenye meza, nyuma na mbele vikionekana, huokoa vijiti vingi kuliko ustadi wowote wa mkono. Kabla ya kuishusha, picha ipigwe kwa mbele ikiwa na rula ndani ya fremu, na vipimo viandikwe: kutoka ukingo wa juu wa grili hadi juu ya kila herufi, na kutoka mstari wa katikati ya gari hadi kingo za kila herufi.

Nati zilizoshika kutu hutiwa mafuta ya kulegezea kutu na kuachwa usiku kucha. Nati ikizungushwa na kijiti kikaanza kuzunguka nacho, fundi asimame hapo hapo: kijiti kinajikata kwenye shina. Ni nafuu kuipasua nati kwa koleo ya kukatia kuliko kuendelea kuizungusha. Washa yenye meno hukatwa vivyo hivyo, haivutwi. Herufi ya klipu husukumwa kutoka nyuma kwa kijiti cha mbao, au huinuliwa kwa kabari ya plastiki inayohamishwa kidogo kidogo kutoka upande hadi upande. Bisibisi huacha kovu kwenye rangi na kukunja herufi. Zilizobandikwa hupashwa joto kwa mashine ya kukaushia nywele, kisha uzi wa nailoni wa kuvulia samaki hupitishwa nyuma yake kwa mwendo wa msumeno mpaka gundi ikatike.

Kabla ya kuziweka kando, nyuma ya herufi itazamwe. Mara nyingi kuna namba iliyomiminwa pamoja na herufi, nayo husaidia kujua kama kitu ni halisi. Kwenye vipuri vya Ford, namba inayoanza na C5Z husomeka hivi: C ni miaka ya 1960, 5 ni mwaka 1965, na Z ni Mustang. Mwaka huo ni wa usanifu wa kipuri, kwa hiyo kipuri hicho hicho kinaweza kukutwa kihalali kwenye gari la mwaka uliofuata.

Kutengeneza au kununua mpya

Herufi yenye vidonda vichache huoshwa kwa sabuni, husuguliwa kwa dawa laini ya kung'arishia na kurudishwa ilivyo. Magari mengi hupendeza zaidi na alama za umri wake. Herufi iliyooza sana huweza kuchovywa kromu upya, lakini kazi hiyo ni ndefu. Kromu, nikeli na shaba ya zamani huondolewa, vidonda huchimbwa hadi kwenye zinki safi, hujazwa shaba na kusawazishwa, kisha tabaka hupakwa upya moja baada ya nyingine. Fundi asiye na uzoefu wa zinki hulainisha kona mno, na herufi hurudi iking'aa ila imepoteza makali yake. Gharama mara nyingi hupita bei ya herufi mpya za kuigiza. Kwa hiyo kuchovya upya kunafaa zaidi pale ambapo herufi mpya hazitengenezwi.

Herufi za kuigiza nazo zina mitego yake. Vijiti vyake vinaweza kuwa vinene kuliko vya asili au vimeachana kwa kipimo tofauti kidogo. Zijaribiwe kwenye matundu ya zamani kabla rangi mpya haijapakwa kwenye gari. Tupa ikipita kwenye bati lililokwisha kupakwa rangi huacha hasara mbili badala ya moja.

Kijiti kilichokatika hurekebishwa hivi. Kisiki chake husawazishwa kwa tupa, na katikati yake huwekwa alama. Unene wa herufi mahali hapo hupimwa, kisha biti ya milimita 2.5 huzungushiwa tepu kuonyesha kina kisichopaswa kupitwa, kwa sababu milimita moja ya ziada itatokeza kwa mbele na kuharibu kromu. Tundu hutobolewa taratibu, huchongwa hesi ya M3, na skrubu ya M3 iliyokatwa kichwa huingizwa pamoja na tone la epoksi. Pale ambapo herufi ni nyembamba mno kutobolewa, skrubu fupi yenye kichwa bapa husimamishwa juu ya kisiki na kuzungushiwa epoksi, mradi uso wa zinki umekwaruzwa kwa msasa na kufutwa mafuta. Kulehemu kwa kawaida hakufai. Joto huyeyusha herufi kabla ya kuunga.

Herufi zenye mfereji wa rangi hupakwa baada ya hapo. Kromu haishiki rangi vizuri, kwa hiyo mfereji husuguliwa ndani yake tu na kupakwa praima nyembamba. Rangi hujazwa kwa brashi ndogo, na ile iliyomwagikia kingo hufutwa kwa kadi ngumu iliyovishwa kitambaa chenye unyevu mdogo wa thina, ikipitishwa bapa juu ya uso ili isichote rangi ya ndani.

Kupanga mahali

Mstari wa katikati hutafutwa kwenye gari lenyewe, kwa kupima kati ya taa za mbele na kuhakikisha kwa kupima kati ya kingo za boneti. Vipimo hivyo viwili vikitofautiana, jicho la mtazamaji hufuata kilicho karibu na herufi. Mstari wa mlalo hutolewa kwenye ukingo wa boneti au ufito wa grili, wala si kwa pima maji. Gari la zamani lenye springi iliyochoka upande mmoja husimama limeinama, na herufi zilizolinganishwa na ardhi zitaonekana zimepinda siku springi zitakapobadilishwa.

Nafasi kati ya herufi ni jambo la jicho kuliko rula. Herufi zenye kingo zilizonyooka, kama H na N, zikiachanishwa kwa kipimo sawa na zile za duara kama O, za duara zitaonekana zimejitenga. Katika FORD, upande wa kulia wa F uko wazi kwa chini, na O hujipinda ikiondoka. Zikipangwa kwa nafasi zinazolingana milimita kwa milimita, pengo kati ya hizo mbili litaonekana kubwa kuliko kati ya R na D. Kwa gari linalorudishwa katika hali ya kiwandani, hoja hii haimhusu fundi: matundu ya asili ndiyo sheria, hata kama kiwanda hakikupanga vizuri. Kwa grili mpya isiyo na matundu, herufi hubandikwa kwanza kwa tepu nyepesi, kisha mtu anarudi nyuma hatua kumi na kutazama, anapiga picha, na anazisogeza mpaka zitulie.

Baada ya hapo hutengenezwa kiolezo. Karatasi ngumu huwekwa juu ya kipande cha povu, herufi husukumwa juu yake kwa mpangilio uliokubalika, na vijiti huacha matundu yake. Kiolezo hicho kikitumika kutobolea kutoka nyuma ya grili, lazima kigeuzwe. Kisipogeuzwa, mpangilio wote huwa kama unavyoonekana kwenye kioo. Neno MBELE liandikwe juu yake mapema. Njia ya pili ni kupaka rangi kidogo kwenye ncha za vijiti na kugusisha herufi kwenye tepu ya karatasi iliyobandikwa mahali husika, ili kila kijiti kijiwekee alama.

Grili yenye fito nyembamba au wavu huleta shida ya aina yake, kwani kijiti kinaweza kuangukia kwenye uwazi. Hapo herufi hufungwa kwenye bamba jembamba la aluminiamu lililopakwa rangi nyeusi, na bamba hilo hushikwa kwenye fito kutoka nyuma. Likikatwa dogo kuliko herufi zinavyolifunika, halionekani kutoka mbele, na grili ya asili hubaki haijatobolewa.

Kutoboa

Kama grili haikushushwa, ubao mnene huwekwa kati yake na rejeta. Biti inayopenya ghafla husonga mbele sentimita kadhaa kabla mkono haujaizuia, na tundu kwenye rejeta hugharimu kuliko herufi zote.

Tepu ya karatasi hubandikwa juu ya uso, na alama huwekwa juu ya tepu. Kwenye chuma, senta panchi hugongwa kwa wepesi ili biti isiteleze. Kwenye plastiki haigongwi, kwa maana plastiki ya miaka mingi hupasuka. Ncha ya msumari huzungushwa kwa mkono mpaka kiwe kijishimo. Biti ya milimita 2 hutangulia, ikifuatiwa na ya kipimo kamili. Kijiti cha milimita 3.2, ambacho ni sawa na robo ya nusu inchi na ni cha kawaida kwenye magari ya Marekani, hupewa tundu la milimita 3.5 hadi 4. Uhuru huo mdogo huruhusu herufi kusogezwa mpaka ikae sawa, na bado huzibwa na herufi yenyewe. Kwa klipu ya bomba uhuru huo haupo. Kipimo hufuatwa kama kilivyotolewa na mtengenezaji wa klipu. Drili iende polepole kwenye plastiki, kwani mwendo wa kasi huiyeyusha na kuacha tundu lenye midomo.

Herufi ijaribiwe baada ya kila jozi ya matundu. Vijiti vilivyomiminwa huwa sambamba, lakini uso wa boneti au grili mara nyingi umejipinda, hivyo tundu moja huweza kuhitaji kurefushwa kidogo kwa tupa nyembamba ya duara. Mwishoni midomo ya tundu hukwanguliwa, chuma kitupu hupakwa praima na rangi, na huachwa kikauke kabisa. Tundu lililoachwa tupu ndilo mwanzo wa kutu ambayo miaka miwili baadaye hutiririka chini ya herufi kama mstari wa kahawia.

Kufunga

Zinki ikigusana na chuma kitupu penye unyevu, zinki ndiyo inayoliwa. Hali huwa mbaya zaidi penye chumvi, na gari linaloishi Mombasa, Tanga au Zanzibar hupata chumvi hiyo kwa upepo tu. Washa ya nailoni na rangi iliyokauka hutenganisha madini hayo. Kuziba maji hufanywa kwa utepe laini wa butili unaozungushwa kwenye shina la kijiti, au kwa silikoni isiyotoa asidi. Silikoni ya kawaida inayonuka siki inapokauka hutoa asidi ya asetiki, na asidi hiyo hushambulia zinki ile ile inayotakiwa kulindwa.

Nati hukazwa kwa vidole mpaka ishike, kisha robo mzunguko kwa spana. Herufi zote zishikizwe kwanza kwa ulegevu, zilinganishwe kwa uzi uliovutwa chini yake, ndipo zikazwe moja baada ya nyingine. Mtikisiko wa injini hulegeza nati ndogo, hivyo hutumika nati yenye pete ya nailoni, au tone la rangi kwenye hesi. Dawa za majimaji za kufungia hesi zisitumike kwenye grili ya plastiki ya ABS. Zinaweza kuipasua taratibu kuzunguka tundu.

Kubandika bila kutoboa

Mwenye gari asiyetaka matundu hutumia tepu ya povu la akriliki. Nyuma ya herufi na uso wa gari hufutwa kwa mchanganyiko sawa wa maji na pombe ya isopropili, hukaushwa, na haviguswi tena kwa vidole. Joto zuri la kubandikia ni kati ya nyuzi 21 na 38 za Selsiasi. Herufi hukandamizwa kwa nguvu, kwa sababu gundi hii hushika kwa shinikizo. Baada ya dakika 20 huwa imefikia kama nusu ya nguvu yake, na hukamilika baada ya saa 72. Hadi muda huo upite gari lisioshwe kwa maji ya presha. Tepu huhitaji eneo bapa la kutosha, hivyo haifai kwenye fito nyembamba. Rangi mpya nayo isibandikwe chochote mpaka ikomae, vinginevyo mvuke wake huinua tepu. Gundi ya haraka iepukwe: ni kavu, hukatika kwa mtikisiko, na mvuke wake huacha ukungu mweupe kuzunguka herufi.

Ukaguzi na utunzaji

Baada ya wiki za kwanza za kuendesha, kila nati hukaguliwa kutoka nyuma na kila herufi hutikiswa kidogo kwa kidole. Tangu hapo mara moja kwa mwaka inatosha. Uoshaji ufanywe kwa brashi laini, hasa kwenye mpaka wa herufi na grili ambako tope hubaki na unyevu wake, kisha nta nyembamba ipakwe juu ya kromu na kuzunguka herufi. Dalili tatu zinataka herufi ishushwe mapema: unga mweupe unaochungulia ukingoni, mstari wa kahawia chini yake, na mlio mdogo wa kugongana gari linapopita kwenye barabara ya matuta. Kiolezo cha karatasi kihifadhiwe pamoja na nyaraka za gari, kwa kuwa grili ya gari la zamani hubadilishwa zaidi ya mara moja, na mwenye kiolezo hatalazimika kupima upya.